Zawadi ya Kogo Jerusa

Kila asubuhi ya likizo ya Desemba, Chepngeno alimsaidia mama yake kukama ng'ombe, akanywa chai haraka haraka, kisha akajitwika kikapu mgongoni na kukimbilia shambani kuchuma majani chai. Mwaka huo hakuna aliyemhimiza. Yeye na wenzake wa shule ya Jumapili, Kipruto na Wangeci, walikuwa wakiwachumia majirani ili wapate pesa za zawadi ya Krismasi. Kila kikapu kilipojaa, hamu yao ilizidi.

Zawadi yenyewe ilikuwa ya Kogo Jerusa. Watoto wote wa kijiji chao, karibu na Kedowa, walimwita Kogo, yaani nyanya. Aliishi peke yake nyuma ya mashamba ya majani chai, kwa kuwa watoto wake walihamia mbali. Chepngeno ndiye aliyetoa wazo la kumpambia nyumba.

"Tumnunulie kitambaa cha pazia, kile cha maua mekundu," alisema huku macho yakimng'aa. "Mimi na Wangeci tutamfumia vitambaa vya makochi."

"Kwani Kogo ana kochi?" Kipruto aliuliza.

"Hata kiti huwekwa kitambaa."

"Mimi naona tumuulize kwanza anataka nini."

"Tukimuuliza atajua, na akijua hatashangaa. Zawadi ni ya kushangaza mtu," Chepngeno alijibu.

Wangeci alimuunga mkono. Baba yake, Mzee Wachira, alikuwa na duka pale Kedowa, na kitambaa kikalipiwa huko, kikawekwa kando kisubiri vipimo vya dirisha. Rodah, mwalimu wao wa Jumapili, alikubali zawadi itolewe mbele ya kanisa siku ya Krismasi. Tangu hapo Chepngeno alijiona kila mara amesimama mbele, anakunjua maua yale mekundu, na watu wote wanapiga makofi.

Lakini pazia haliwezi kushonwa bila kupima dirisha. Chepngeno alichukua chupa ya maziwa iwe kisingizio, akaficha kamba ya kupimia mfukoni, akaenda kwa Kogo.

"Chamgei, Kogo," alisalimu mlangoni.

"Chamgei mising, mtoto wangu. Ingia upesi, mvua inakuja."

Mvua ilishuka kwa kishindo. Kogo Jerusa hakuketi. Aliweka sufuria karibu na mlango na bakuli chini ya meza, kisha akashika upande mmoja wa kitanda.

"Nishikie hapo," alisema.

Wakakisogeza mpaka pembeni. Punde si punde matone yakawafuata hata huko. Chepngeno alitazama juu. Mabati yalikuwa yameliwa na kutu, na mwangaza ulipenya kwenye matundu mengi. Alipotafuta dirisha, aliona ubao mdogo tu uliofungwa kwa waya. Hapakuwa na mahali pa kutundika pazia. Kamba ikabaki mfukoni.

"Kogo," alisema polepole, "kama ungeambiwa uchague zawadi ya Krismasi, ungechagua nini?"

Kogo Jerusa alicheka. "Mimi? Ningechagua kulala mahali pamoja mpaka kuche."

Chepngeno alirudi nyumbani akiwaza. Angeweza kunyamaza. Kogo angelipokea pazia kwa shukrani, na watu wangepiga makofi vilevile. Lakini kila alipofikiria makofi hayo, aliona kitanda kikisogezwa. Akaenda kuwatafuta wenzake.

"Tulikosea," aliwaambia. "Mimi ndiye niliyekosea. Kogo anahitaji mabati."

"Na vitambaa vyetu?" Wangeci alilalamika. "Vidole vyangu bado vinauma."

"Hata vyangu. Lakini Kogo halali usingizi."

Kipruto hakumcheka. "Basi twende dukani kabla kitambaa hakijakatwa," alisema, na wote watatu wakatimua mbio.

Mzee Wachira aliwatazama juu ya miwani. "Mlikaa hapa nusu siku mkichagua maua, na leo hamyataki?"

"Ndiyo, Mzee. Tunaomba utupe mabati badala yake," Chepngeno alisema, akamweleza yote aliyoyaona.

Mzee Wachira akakirudisha kitambaa kwenye rafu. "Kitawapatia mabati ya upande mmoja tu wa paa."

"Kuna yaliyobaki baba alipojenga zizi," Kipruto alisema. "Nitamwomba."

Safari hii walienda kwa Kogo mapema, wakiwa na Mwalimu Rodah, wakamuuliza kama angependa paa lake libadilishwe. Kogo Jerusa aliushika mkono wa Chepngeno.

"Ningependa," alisema. "Lakini mniachie niwahamishe kuku wangu kwanza. Wanatagia huko juu."

Mkesha wa Krismasi kijiji kizima kilisisimka. Wanaume walibeba mabati mabegani, akina mama wakaleta chai na viazi, na watoto wakashindana kupitisha misumari. Nyundo zililia mpaka upande wa pili wa bonde. Jua lilipoanza kushuka, paa jipya liling'aa kiasi cha kuumiza macho. Wangeci alitandika vitambaa vyao juu ya meza iliyokuwa kavu sasa, na Kogo akavipapasa kwa furaha.

Kanisani kesho yake hapakuwa na kitu cha kukunjuliwa mbele ya watu. Chepngeno hata hakulikumbuka pazia. Alikuwa akimtazama Kogo Jerusa, aliyefika wa kwanza na kuimba kwa sauti ya juu kuliko wote.

Baada ya ibada, Mwalimu Rodah aliwaita watoto watatu kando.

"Mlijitahidi sana kuchuma na kufuma, na hilo ni jambo jema," aliwaambia. "Ila mwanzoni mlikuwa mkitafuta furaha yenu kwa jina la Kogo. Ukitaka kumsaidia mtu, mtazame vizuri, umsikilize. Na ukigundua umekosea, geuka mapema kama alivyofanya Chepngeno. Hapo mkono wako unatoa kwa upendo, si kwa kujionyesha."

"Na mwaka ujao tutampa nani, Mwalimu?" Wangeci aliuliza.

"Nyinyi mnasemaje?"

Wote watatu walianza kujibu kwa pamoja, kila mmoja na jina lake, mpaka Chepngeno akainua mkono.

"Ngojeni," alisema. "Twendeni tukawaulize."