Dozi ya Dada

Jua lilikuwa linazama fundi cherehani alipofunga kibanda chake, akachukua chupa ya dawa iliyobaki nusu, akashika njia ya kwa mganga. Alishakata shauri. Anairudisha, na hatakanyaga pale tena.

Dada yake alikuwa na kisukari. Hospitali walimwanzishia sindano, na fundi ndiye aliyemshawishi aziache.

"Dada, utajidunga mpaka lini? Huyu mzee anaponya watu."

Dada alicheka. "Haya, wewe ndiye daktari wangu."

Akaacha sindano. Juma lililopita walimzika.

Chumba cha mganga kilinuka majani yaliyochemshwa, na kitu kingine... kitamu kupita kiasi, kama matunda yanayoanza kuoza. Nywele zilimsimama. Pumzi ya dada yake siku za mwisho ilinuka hivyo hivyo.

"Nimeirudisha, mzee."

Mganga hakunyoosha mkono. Jasho lilikuwa likimtiririka. "Mpe mwenyewe," alinong'ona.

"Mwenyewe nani?"

Akaelekeza kidevu kwenye pazia.

Nyuma ya pazia kulisikika maji yakimiminwa. Kisha mtu akanywa. Gu... gu... gu... bila kuvuta pumzi.

"Mdogo wangu..."

Sauti ya dada.

"Kiu haiishi. Dawa yako nainywa, mbona sioni nafuu? Niendelee tu?"

Fundi alitaka kusema acha, rudi hospitali. Lakini kusema hivyo leo ni kukubali kwamba angeweza kusema hivyo hivyo dada alipokuwa hai.

"Endelea, dada."

"Haya," sauti ikajibu kwa upole. Upole huo ndio uliomchoma.

Akalivuta pazia.

Mkeka mtupu. Kikombe, ukingo wake umelowa.

"Mimi sikumwita," mganga alisema, macho chini. "Wafu siwajui, mama. Mimi najua majani tu. Huyu anakuja kwa sababu wewe ulimwambia aje."

Siku hizi, kila jioni, mume wa fundi humwuliza, "Si ulisema umeachana na mganga?"

"Leo ndiyo mwisho. Kuna mtu nataka kumwambia neno moja tu."

"Mbona hata jana ulisema hivyo?"

Huvaa viatu, akatoka.

Neno lenyewe ni fupi: acha. Halijamtoka bado.