Mitungi ya Wazamia Lulu

Kila Ijumaa asubuhi Nyanchama aliamshwa na sauti ya pasi. Mama yake, Miriam, alipiga pasi nguo za kanisani juu ya meza ya chakula, kwa kuwa Doha siku ya mapumziko ni Ijumaa, na Wakenya wengi husali siku hiyo badala ya Jumapili. Miriam alikuwa muuguzi, na muuguzi hukagua. Kabla gari halijatoka mtaani kwao Al Thumama, alikuwa ameshauliza mara tatu kama daftari la Kiswahili limebebwa. Nyanchama alikuwa na miaka kumi na miwili na hakuwahi kulisahau hata mara moja, lakini alijibu mara zote tatu.

Baada ya ibada, watoto kumi na mmoja walibaki na Mwalimu Jerusha kujifunza Kiswahili. Nusu saa ya mwisho ilikuwa ya Anko Reuben na ngoma yake. Reuben alikuwa mlinzi wa jengo moja huko The Pearl, mtu mrefu, mpole, mwenye viganja vigumu kama soli. Aliwafundisha watoto midundo ya kwao Vihiga, na aliyekosea alirudishwa mwanzo bila kugombezwa. Watoto walimpenda kupita kiasi, na sasa walikuwa wanampoteza. Mkataba wake ulikuwa umekwisha. Baada ya wiki tatu angerudi Kenya moja kwa moja.

Siku alipowaambia hivyo, Brandon, mvulana asiyeweza kukaa na swali mdomoni, alimuuliza ni mahali gani Doha palimpendeza zaidi.

"Miaka tisa nimefungulia watu milango," Reuben akasema. "Mimi mwenyewe sijaingia popote."

Alisema bila kulalamika, na hilo ndilo lililowauma. Hapo Mwalimu Jerusha akatangaza kwamba darasa litafanya ziara moja ya historia na utamaduni, iwe ndiyo kwaheri ya Anko Reuben, na watoto wenyewe wataichagua.

Walikuwa na ziara tatu za kuchagua, zote za bure. Kulikuwa na jumba la makumbusho, kulikuwa na minara ya kale ya Umm Salal, na kulikuwa na nyumba moja ya zamani mjini ambako wazee huimba nyimbo za wazamia lulu. Wengi huijua Doha kwa maghorofa yake, lakini ni mji unaopenda muziki kuliko unavyojionyesha. Kinanda cha udi husikika katika teksi, na ngoma za harusi huvuma nyuma ya kuta ndefu. Reuben alisimulia kwamba usiku mmoja akiwa lindoni alisikia wazee wakiimba ndani ya ukumbi, na chini ya sauti zao kulikuwa na mdundo mzito asioujua. Aliambiwa ni mitungi ya maji, ya udongo, inapigwa kwa kiganja. Tangu siku hiyo alitamani kuona mkono unaingiaje kwenye mtungi ukatoa sauti ile.

Kura zilipigwa, na mikono yote kumi na mmoja ikainuka kwa wazee wa mitungi. Tarehe ikapangwa iwe Ijumaa ya mwisho ya Reuben.

"Nani atapiga simu kuulizia?" Mwalimu akauliza.

"Mimi," Nyanchama akasema. "Mimi najua Kiarabu."

Alikuwa anakijua Kiarabu cha darasani, cha rangi na siku za wiki. Lakini alishajigamba, na wenzake walishamtazama kwa heshima, kwa hiyo akachukua namba ya ile nyumba.

Jioni ile alijifungia chumbani akapiga. Simu ikapokewa na sauti ya mwanamke, ikamwaga salamu ndefu ya Kiarabu kwa kasi. Nyanchama hakuambulia hata neno moja. Akaogopa, akakata simu. Alijiambia atapiga kesho. Kesho akajiambia kesho kutwa. Ijumaa ikafika, na Mwalimu Jerusha akamwuliza mbele ya darasa.

"Nimeongea nao," Nyanchama akasema. "Wanatukaribisha."

"Ramadhani itakuwa imeanza siku hiyo. Uliwauliza kama watapiga muziki?"

Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi, na watu kumi na wawili walikuwa wanamsubiri. Alichohitaji ni kusema tu kwamba aliogopa.

"Niliwauliza," akasema. "Wamesema hakuna shida."

Reuben akacheka kwa furaha, kisha akaeleza kwamba atabadilishana zamu na mwenzake ili apate Ijumaa hiyo, hata kama itambidi asimame zamu mbili mfululizo. Nyanchama akainamisha kichwa. Wiki mbili zile hakulala vizuri, na kila alipoishika simu aliirudisha mezani.

Ijumaa yenyewe, saa kumi alasiri, walikuwa wamesimama mbele ya ile nyumba. Reuben alikuwa amevaa shati jeupe lenye mikunjo ya kutoka sandukuni. Cheryl, mdogo kuliko wote darasani, alibeba kopo la mandazi ambalo hakuna aliyethubutu kulifungua barabarani mchana wa mfungo. Mlango ulikuwa na kufuli. Juu yake palikuwa na karatasi, Kiarabu upande mmoja na Kiingereza upande mwingine, ikisema kwamba hakuna muziki mwezi wote wa Ramadhani, na kwamba wazee wataonekana tena baada ya Idi.

Ndege ya Reuben ilikuwa kesho yake.

"Si ulisema ulipiga simu?" Brandon akauliza.

"Walinidanganya," Nyanchama akajibu. Neno lilimtoka kabla hajalifikiria.

Mwalimu Jerusha alikasirika, na hasira yake haikumlenga Nyanchama. Akatoa simu na kusema ataandika malalamiko sasa hivi kwa mkubwa wa ofisi ya nyumba ile, amtaje mfanyakazi aliyempokea mtoto na kumdanganya. Reuben akamwekea mkono begani.

"Usiandike, Mwalimu," akasema taratibu. "Kule kazini, barua moja kama hiyo ilimtoa kijana tuliyelala naye chumba kimoja. Kesho yake kitanda kilikuwa kitupu. Huyo aliyepokea simu ana watoto wake mahali."

Mwalimu akasema kosa ni kosa, akaendelea kuandika. Nyanchama alimtazama kidole kikitembea. Alimfikiria mwanamke mwenye salamu ndefu, ambaye hakufanya kosa lolote ila kupokea simu. Alimfikiria mama yake pia, maana mama yake hupokea simu wodini kutwa nzima. Machozi yakaanza kumtoka.

"Hakuna aliyenidanganya," akasema. "Sikuongea na mtu. Nilisikia Kiarabu nikakata simu. Nimewadanganya nyinyi."

Cheryl akaanza kulia, na Brandon akageuka akatazama ukuta. Reuben aliliangalia lile kufuli, kama mtu anayejua makufuli yote ya mji ule, na Nyanchama akatamani amgombeze. Hatimaye akamwambia apige sasa hivi, yeye atasimama karibu naye.

Nyanchama akapiga. Salamu ile ile ya Kiarabu ikamiminika. Safari hii hakukata. Akaomba radhi kwa Kiingereza chenye kwikwi, akasema wao ni darasa la Wakenya.

"Mbona unalia, mwanangu?" sauti ikauliza, kwa Kiswahili cha Kampala. Aliitwa Olivia, na ile salamu ndiyo aliyofundishwa kumwambia kila mpigaji. Akaeleza kwa upole kwamba hakuna njia, wazee wenyewe wameshatawanyika kwao kufunga. Kisha akaongeza, bila kujua atamwumiza nani, kwamba Ijumaa iliyopita walipiga kutwa nzima, siku ya mwisho kabla ya mfungo, na viti vingi vilikuwa vitupu.

Reuben alisikia yote. Ijumaa iliyopita, baada ya darasa, alikuwa lindoni, na angeweza kubadilishana zamu ile kama alivyobadilishana hii.

Walitembea hadi ufukweni wakakaa kungoja magharibi. Jua lilipozama na mzinga wa kufuturu ulipolia, wakafungua kopo wakala mandazi yaliyokwisha kuwa magumu. Wakati wa kuagana Reuben alimpa kila mtoto mkono, na Nyanchama pia, sawasawa na wengine. Nyumbani Miriam hakumpiga wala kumfokea. Alimwambia tu kwamba hili hawezi kumtengenezea, akazima taa.

Baada ya Idi, Nyanchama mwenyewe alimpigia Olivia simu. Aliuliza siku, akauliza saa, akauliza kama anaruhusiwa kurekodi, akaandika majibu yote kwenye daftari. Darasa likaenda. Wazee sita walikaa mkekani, wakaimba kwa sauti zilizokwaruza, na mmoja wao akachukua mtungi akaupiga mdomoni kwa kiganja. Nyanchama alirekodi tangu mwanzo hadi mwisho, akiukazia macho ule mkono, kisha akaituma video Vihiga.

Reuben alipiga simu usiku huo huo, na Mama akaiweka simu kwa sauti kubwa. Reuben alimshukuru Nyanchama. Alisema ameuona mkono, ameona unavyokunjwa, na hilo alilitaka miaka mingi.

"Lakini mtungi wenyewe sijausikia," akasema. "Kwenye simu unalia kama kopo. Ule uzito haupo."

"Nisamehe, Anko."

"Nilikusamehe pale pale mlangoni. Ila sikiliza, Nyanchama. Kuogopa simu si kosa, hata mimi ningeogopa. Kosa ni kusema umefanya jambo ambalo hukulifanya. Ungesema siku ile umeshindwa, tungekusaidia, na muda ulikuwepo. Ukishindwa, sema mapema, wakati mtu bado anaweza kukushika mkono."

Nyanchama akasema ameelewa. Miriam alitikisa kichwa kukubali, kana kwamba Reuben anamwona.

"Sasa niambie," Reuben akasema. "Wewe ulikuwa pale. Mtungi ulilia vipi?"

Nyanchama alifikiri. Angeweza kutunga maneno mazuri, na mzee wa watu angefurahi, na hakuna ambaye angejua.

"Niliusikia hapa kifuani," akasema. "Lakini sijui kuueleza, Anko. Nikijaribu nitakudanganya."

"Basi usinieleze," Reuben akasema. "Hilo nimeliamini."