Umeme kwenye Paja la Baba Narae

Pyo Deoksu alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, mguu wa kulia ameunyoosha. Sakafu, inayopashwa moto kwa chini kama nyumba zote za kwetu, ilikuwa na joto zuri. Jikoni mkewe, Gilrye, alikuwa akipakua supu ya mwani.

"Baba Narae, inuka ule."

"Niinuke na mguu gani? Niazime wako."

Pyo ni mchomeleaji kwenye karakana ya meli. Jukwaa lilivunjika akiwa juu, goti likapasuka. Wafanyakazi walikuwa wameshasema kwamba jukwaa lile ni bovu. Msimamizi akaamuru lipakwe rangi. Likapakwa ya manjano. Nilifanya kazi pale pia; sijaisahau.

Alifanyiwa upasuaji, akarudishwa nyumbani na vidonge na maneno mawili: "Fanya mazoezi." Mazoezi gani? Hakuna aliyemwambia. Kidonda kikapona, lakini paja likakonda. Kila alipojaribu kusimama, mguu ulitetemeka, akarudi chini.

Na kumbukumbu ya marehemu baba yake ilikuwa inakaribia. Pyo ndiye kifungua mimba. Yeye ndiye wa kutangulia kupiga magoti mbele ya meza ya chakula anachoandaliwa marehemu, kugusa sakafu kwa paji la uso, kusimama, na kurudia.

Mdogo wake, Deokman, akapiga simu. "Kaka, mwaka huu nitainama mimi. Wewe tulia kama bibi harusi."

Pyo alikata simu. Akanunua mashine ya kutibu viungo kwa umeme iliyotangazwa kwenye televisheni. Mtangazaji, mwenye magoti yake mazima, alisema kwamba ukivumilia zaidi, unapona zaidi.

Wanaume wa kwetu huingia kwenye maji ya moto ya hamamu, ngozi inaiva, nao wanasema, "Aah, raha!" Pyo alitibu goti hivyo hivyo. Alibandika vibandiko vya kupitishia umeme juu ya goti, akapandisha nguvu hadi mwisho, akauma meno. Usingizi ukamchukua pale pale kwenye sakafu ya moto. Alipoamka, ngozi ilikuwa imeungua.

Gilrye alimwita jirani yao Seonok, mtaalamu wa tiba ya viungo.

"Shemeji, unatibu mguu au unachoma nyama?" Seonok aliuliza.

"Si wanasema inaponya?"

"Nani anasema? Anayeuza! Hii ni ya kutuliza maumivu. Wewe unahitaji ya kuamsha msuli. Na msuli uliolegea ni wa paja. Juu ya mfupa wa goti hakuna cha kukaza."

"Kumbe nimeliwa."

"Umeliwa. Sasa nijibu: una kifaa cha mapigo ya moyo kifuani? Donge la damu mguuni? Kifafa?"

"Sina."

"Vizuri. Mwenye hayo asijiwekee umeme huu bila daktari kumruhusu. Mjamzito naye aulize kwanza. Wewe subiri ngozi ipone. Nitaongea na daktari aliyekupasua."

Daktari aliruhusu. Kwenye zahanati, Seonok aliosha paja, akalikausha, akabandika vibandiko juu ya msuli. Akaongeza nguvu polepole. Paja likajikaza lenyewe.

"Aah, ra—"

"Usiniambie raha! Inachoma?"

"Haichomi. Inavuta."

"Basi hapo hapo. Umeme ukivuta, na wewe kaza. Ukiachia, pumzika. Huu ni msaada tu. Ukijilaza kama gunia, utabaki gunia."

Zahanati ilimwazima mashine inayofaa. Aliitumia nyumbani akiwa macho, na kila alipomaliza aliikagua ngozi. Kisha alifanya mazoezi ya kusimama: kutoka kwenye kiti, baadaye kigoda, baadaye sakafuni. Gilrye alipiga kelele kutoka jikoni, "Kaza, Baba Narae! Usinidanganye, nakuona!" Wiki baada ya wiki, paja likajaa. Daktari akampima goti, akamruhusu kupiga magoti.

Siku ya kumbukumbu, ndugu walisimama nyuma yake. Pyo alishuka taratibu, nao wakamfuata. Paji la uso likagusa sakafu. Kisha paja likajikaza, naye akainuka bila kushika ukuta. Akashuka tena, akainuka tena.

Nyuma yake Deokman, mwenye kitambi, alikuwa bado amepiga magoti, anahema.

Pyo akageuka, akampa mkono. "Inuka, bibi harusi. Tumkaribishe Baba chakula."