Karamu ya Mvua

"Bibi harusi ametoka kwao."

Sauti ya Kanali ilikwaruza sikioni mwa Assunta Zarrilli, ikakatika.

Assunta akakanyaga mafuta. Alfa Romeo Giulia ya kijivu ikaingia barabara kuu ya kutoka Milano kwenda Chiasso, mpakani mwa Uswisi. Mbele, nyuma ya lori la maziwa, gari la mizigo, Fiat Ducato nyeupe, lilikwenda polepole.

Polepole mno.

Barabara ile kila mtu anakimbia. Gari hili lilitii kila kibao, na Assunta hakupenda.

"Bibi harusi" ilikuwa picha iitwayo *Karamu ya Mvua*, kazi ya Ulderico Bonsanti wa Torino, anayechora ndoto kama wenzake wanavyochora matunda. Hati za picha hiyo hazikuwa na doa. Kazi mpya ya msanii aliye hai huvuka mpaka bila maswali. Ya kale haivuki.

Usukani wa Ducato ulikuwa mikononi mwa Gherardo Malvolti, dalali wa sanaa, mtu wa skafu za hariri na marafiki mawaziri.

Tunawajua mabwana hawa. Mwaka wa themanini ardhi ilipotutikisa kule kusini, watu wa kijiji cha Pietrafosca wakilala kwenye mahema na matope, malori yalikuja. Mengine yalileta blanketi. Mengine yaliondoka na madhabahu. Magazeti yakasema kanisa liliporomoka na kila kilichokuwamo. Uongo! Ukuta ulisimama. Bikira Maria, picha ya madhabahuni, ndiye aliyetoweka. Mpaka leo Donata Zarrilli, mama yake Assunta, hupiga magoti mbele ya ukuta mtupu.

Dokezo lilisema Bikira yule anatoka leo, chini ya rangi mbichi. Akivuka, basi tena.

Ducato ikakata kulia, ikaingia kituo cha mwisho kabla ya mpaka.

"Shuka, Maestro," Malvolti alimwambia Bonsanti aliyeketi kando yake. "Tunywe kahawa ya binadamu. Kule ng'ambo watatupa maji ya kuoshea vyombo."

Ndio ugonjwa wetu. Mwizi wetu atapita mbele ya bunduki, lakini Uswisi haendi kabla ya kahawa.

Assunta alikuwa tayari kwenye mlango wa nyuma wa Ducato. Kifaa kidogo kama kiberiti kikalia. Kufuli likafunguka.

"Niko ndani, Kanali."

"Unaona nini?"

"Kwenye picha, chumba kimefurika. Makoti yamekaa mezani, hayana watu ndani. Mvua imekaa kiti cha mkubwa, imejifunga kitambaa shingoni, imeshika uma."

"Nataka ushahidi, Zarrilli, si menyu."

Akamulika kwa tochi ya mionzi. Hakuna kitu. Akatoa kamera ya infraredi, inayoona chini ya rangi.

Giza tupu.

"Wamepaka kitu cheusi katikati. Kamera haipenyi."

"Labda ndivyo anavyopaka. Sikiliza. Jaji hajaruhusu kuikwaruza. Ukiiharibu na chini hakuna kitu, mimi na wewe tutauza njugu mlangoni mwa uwanja wa mpira. Kama huna kitu, iache ipite."

Assunta akapitisha kidole nyuma ya fremu. Kikatoka na vumbi jeupe.

Unga.

Fukusi mmoja akatoka kwenye kitundu, akatembea taratibu juu ya turubai.

Mafundi wetu wa zamani, turubai likichoka, hulibandika juu ya jingine kwa gundi ya unga, na wadudu huipenda gundi hiyo. Lakini ni nani anayebandika turubai jipya?

"Toka humo, bibie."

Malvolti alisimama mlangoni na bastola. Nyuma yake Bonsanti, masharubu yana sukari ya andazi.

"Polisi, kikosi cha mali ya kale," Assunta akasema. "Maestro, turubai hili ulilipata wapi?"

"Kwa Gherardo. Alinizawadia, limeshapakwa rangi ya chini. Kwani kuna nini?"

"Lina fukusi."

"Unasikia?" Malvolti akacheka. "Wameshindwa kukamata mafia, sasa wanakamata wadudu!"

Assunta akamtazama Bonsanti. Mjinga, au mwigizaji hodari? Alishakutana na wa aina zote mbili.

Malvolti akageuza shingo kuangalia kama kuna watu.

Hapo hapo Assunta akaupiga mlango teke. Chuma kikala mkono. Bastola ikaanguka. Kabla dalali hajamaliza kutukana, Beretta ya Assunta ilikuwa shingoni mwake na pingu zimemfunga kwenye kishikio cha gari.

Mkoba wa dalali ulikuwa umeanguka na kupasuka. Pamba. Glavu. Chupa.

Bonsanti akaokota chupa, akanusa.

"Gherardo. Hii ni dawa ya kuondolea rangi."

"Ya kusafishia mikono, ndugu yangu."

"Mikono yako? Tangu lini ikashika rangi?" Akamgeukia Assunta. "Huko chini kuna nini?"

"Nadhani ni Bikira wa kwetu, aliyeibwa wakati tunafukua maiti."

"Unadhani?"

"Nadhani. Na sina ruhusa ya kuigusa."

"Umemsikia!" Malvolti akadakia. "Sema hapana tu, Maestro. Mwambie anifungue, twende zetu."

Bonsanti akapanda garini, akasimama mbele ya picha yake.

"Mimi sijaikabidhi," akasema taratibu. "Bado ni yangu. Nikitaka naifuta."

Akalowesha pamba, akaanza na uma wa Mvua. Rangi ikatoka kama tope. Akasugua tena, kwa hasira, kama anayefuta tusi ukutani.

"Taratibu, mpumbavu!" Malvolti akapiga kelele. "Kuna dhahabu hapo chini!"



Bonsanti akageuka, pamba nyeusi mkononi.

"Umejuaje?"

Dalali akafumba mdomo. Alikuwa amechelewa.

Palipokuwa na uma sasa palikuwa na vidole vya mtoto, vimeshika ncha ya shela yenye nyota za dhahabu. Assunta alizijua zile nyota. Alizitazama kila Jumapili ya utoto wake.

"Inatosha, Maestro. Mafundi watamalizia."

"Na makoti yangu? Mvua yangu?"

"Haviwezi kubaki."

Bonsanti akaketi juu ya kreti, akaikabili picha.

Ving'ora vilisikika barabarani. Assunta akaenda kwenye Giulia, akavaa miwani ya jua.

"Tumempata Bikira, Kanali. Malvolti yuko kwenye pingu, anataja mawaziri."

"Waandike wote. Na mchoraji? Vijana wamkamate?"

"Hapana."

"Una uhakika naye?"

Kwenye kioo cha gari, Bonsanti alikuwa bado ameketi, pamba imemwanguka miguuni.

"Waambie wasubiri nje," Assunta akasema, akawasha gari. "Anaiaga picha yake."