Mgonjwa wa Chumba cha Nyuma

Ukuta ulianguka saa tisa alasiri, mama yangu akiwa amelala.

Haukuwa mshindo mnaoufikiria. Nilisikia kitu kama gunia la mchanga linamwagwa... kisha kimya... kisha sauti ya mama, ndogo sana.

"Kimya... Kimya mwanangu, njoo..."

Kimya ni mimi. Ndivyo wanavyoniita nyumbani, kwa sababu siongei.

Nilikimbilia chumba cha nyuma. Mlango haukufunguka! Niliusukuma kwa bega mpaka ukaachia nafasi ya kupitisha kichwa, nikaona mvua inanyesha ndani ya chumba. Nusu ya ukuta ilikuwa juu ya kitanda. Matofali yalikuwa yamelowa, yanakatika kama mkate uliochovywa kwenye chai.

Katikati ya matofali niliona mkono wa mama. Bado ulikuwa umeshika miwani.

"Usilie," aliniambia. "Nitoe kwanza, utalia baadaye."

Nilifukua kwa mikono. Majirani wakaja. Mama alitoka hai, lakini nyonga ilivunjika, na tangu siku ile hajasimama.

Sasa nyinyi mnaosoma hapa, nawaambia jambo ambalo sijaweza kumwambia mtu kwa mdomo. Kabla hatujanunua nyumba ile, mkaguzi alitaka kuukagua ukuta huo.

Mimi ndiye niliyemzuia!

* * *

Mama alishona sare za shule miaka ishirini na nane, kwenye vyumba vya kupanga. Tulihama mara kumi na moja. Kila tukihama alikuwa anaizungushia cherehani yake blanketi kama mtoto mchanga, na kuiambia, "Siku nikikufikisha kwangu, nitakugongelea misumari sakafuni, usihame tena."

Akiba yake ilipotimia, kaka yangu akaleta dalali. Dalali akaleta nyumba.

Mimi nafanya kazi maktaba ya chuo. Kazi yangu hasa: nalipwa kunyamaza na kunyamazisha wengine. Lakini siku ile nilijikaza, nikasema nataka tukodi mkaguzi wa nyumba.

"Mkaguzi wa nini?" Kaka alicheka. "Nyumba si ng'ombe, umfungue mdomo umpime meno! Unaingia, unaangalia, unanunua."

"Nimesoma kwamba..."

"Haya, msomi wetu kasoma!"

Mama ndiye aliyenitetea. "Mwache amlete. Huyu akiomba kitu, ujue amekifikiria wiki nzima."

Mkaguzi alikuwa mzee mfupi mwenye ngazi ya kukunja na tochi shingoni. Alikuwa anagonga kila ukuta kwa mpini wa bisibisi, kichwa kakilaza upande, kama daktari anayesikiliza kifua. Hatujamaliza sebule, moyoni nilishampa jina: Mzee Gongagonga.

Dalali alitufuata na rundo lake la funguo.

"Mzee, pole pole, utaamsha nyumba za jirani."

"Nyumba ukiigonga inakujibu ukweli," alisema Mzee Gongagonga. "Waongo ni sisi tunaokaa ndani."

Alipanda darini, akatazama nyaya, akafungua mabomba. Vilivyoharibika vilikuwa vidogo, vya kutengenezeka. Kilibaki chumba cha nyuma, ambacho ukuta wake kwa nje umebanana na wa jirani, hapapiti hata paka. Usipouona kwa ndani, huuoni.

Dalali akasimama mlangoni, sauti kaishusha.

"Humu kuna bibi wa wenye nyumba. Anaumwa sana. Ndiyo kwanza amepata usingizi."

Nilichungulia. Bibi mmoja amelala, kitanda kimesukumwa mpaka ukutani, mito imerundikwa kichwani. Alikuwa macho.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Nikaingia kumshika mkono. Ulikuwa wa baridi.

"Ukuta huu unanilowesha mgongo," alisema, taratibu sana.

Maskini! Nilikuwa nimevaa mtandio wangu wa buluu wenye pindo la njano, ambao mama alinishonea siku niliyohitimu. Nikauvua, nikamfunika mabegani. Alinibana vidole mpaka vikauma. Nikadhani ananishukuru.

"Dada," Mzee Gongagonga akaniita kutoka mlangoni, "nahitaji dakika kumi. Tusogeze kitanda tu."

"Kumsogeza mgonjwa!" Dalali aling'aka. "Kwa sababu ya kugonga ukuta? Nyie kwenu hamna wazee?"

Kaka akaniangalia. Dalali akaniangalia. Mzee akaniangalia.

Kama huna aibu, huwezi kujua macho sita yana uzito gani. Masikio yaliwaka moto.

"Mwacheni bibi apumzike," nilisema. "Tutakikagua siku nyingine."

"Siku gani?" Mzee aliuliza.

"Nyingine..."

Kisha akaandika kwenye fomu yake: chumba cha nyuma hakikukaguliwa, kwa ombi la mnunuzi.

"Weka sahihi hapa, dada. Na msinunue kabla sijaingia humo."

Nikaweka sahihi.

Siku tatu baadaye dalali alisema kuna mnunuzi mwingine yuko njiani. Kaka akanipigia simu mara nne kwa saa moja. Tukanunua!

Tulipokabidhiwa funguo, bibi hakuwepo. Chumba kilikuwa kinanukia rangi mpya.

"Wametuachia safi," mama alisema. Akakichagua kuwa chake. Akagongelea cherehani misumari kweli, huku anacheka peke yake.

Kisha mvua zikaanza... Mengine mnayajua.

Mama akiwa hospitali, kaka alimfuata dalali akiwa amevimba kwa hasira. Alirudi mpole, na nakala ya fomu mkononi. Akaiweka mezani mbele yangu, sahihi yangu ikiwa juu. Bora angenipiga.

* * *

Miezi minne ikapita. Mama aliruhusiwa hospitali, tukamlaza sebuleni. Siku moja nikiwa maktaba, simu ikatetemeka.

"Dada, uko wapi?" Alikuwa Mzee Gongagonga.

"Kazini, mzee."

"Omba ruhusa uje. Nakagua nyumba upande wa pili wa mji. Kuna mgonjwa chumba cha nyuma, wamenizuia mlangoni."

Vitabu nilivyoshika vilianguka. Ndani ya maktaba!

"Ni bibi?"

"Mimi sura yake sikuiona. Wewe uliiona."

Nilifika nikihema. Dalali ni yule yule, rundo la funguo ni lile lile. Mbele yake walikuwa mume na mke, vijana, mke ana mimba kubwa. Nilipoingia, mke alikuwa anasema kwa upole:

"Jamani, mwacheni bibi apumzike..."

Nilihisi kama ni mimi ninayeongea.

Dalali aliponiona, tabasamu lilimpotea.

"Huyu nani? Msijaze watu humu, kuna mgonjwa!"

Nilifungua mdomo niseme. Hakikutoka kitu! Nikajaribu tena. Hakuna! Basi niliinama, nikapita chini ya mkono wake, nikaingia chumbani.

Kitanda ukutani. Mito imerundikwa kichwani. Na mabegani... mtandio wa buluu, wenye pindo la njano.

"Shikamoo, bibi," nilinong'ona.

Aliniangalia. Akauangalia mtandio. Kisha akaketi, akashusha miguu, akasimama. Hakuna aliyemsaidia. Kumbe ni mrefu kuliko mimi!

Yule mke akapiga yowe. Funguo zilisikika zikikimbilia getini, kisha gari likawashwa.

Mzee Gongagonga alivuta kitanda, akagonga ukuta mara moja tu. Akabonyeza kidole. Kidole kikazama ndani ya plasta mpaka kwenye kifundo.

"Bomba limepasuka humu ndani, miaka sasa," alisema. "Ukuta huu haufiki mvua za masika."

Mume alimshika mkewe mkono, wakaondoka bila kusema asante. Siwalaumu. Nikabaki na bibi.

"Kumbe huumwi?"

"Nina njaa na nina uzee. Hayo nayo ni magonjwa?"

"Kwa nini, bibi?"

"Sina kwangu, mjukuu wangu. Ananipa kitanda na chakula mpaka nyumba inunuliwe. Ikinunuliwa, ananihamishia nyingine."

Akaketi tena.

"Ule ukuta wa kule?" aliuliza.

"Ulianguka."

"Ulimwangukia nani?"

"Mama yangu."

Alifumba macho.

"Nilikuambia unanilowesha mgongo."

"Uliniambia."

"Ukanifunika."

"Nilikufunika."

Nilitaka kumchukia. Nilijaribu, walahi! Lakini alianza kuuvua mtandio anirudishie, na mimi nikaurudisha mabegani pake. Ndivyo nilivyo.

"Leo nitalala wapi?" aliniuliza.

Nilimgeukia Mzee Gongagonga.

Tuliandikisha maelezo polisi. Simu ya dalali haipatikani. Mzee Gongagonga alimpeleka bibi kwa dada yake mwenyewe, bibi akakaa huko siku mbili. Ya tatu aliondoka asubuhi bila kuaga.

* * *

Mngedhani yameisha.

Wiki iliyofuata natoka kazini, nafika getini, nikapigwa na harufu ya rangi mpya.

Nilikimbia. Kwenye tundu lililoachwa na ukuta ulioanguka, kaka alikuwa amegongelea mbao nyembamba kutoka ukuta hadi ukuta na kuzipaka rangi nyeupe. Mbele yake kimewekwa kitanda. Juu ya kitanda, mama.

"Kaka! Ni nini hiki?"

"Kesho kuna mnunuzi. Anakuja na mkaguzi wake."

"Mama hawezi kulala hapa!"

"Nusu saa tu. Nani atathubutu kumsogeza mgonjwa? Wewe uliweza?"

Maneno hayo yaliniingia mpaka kwenye mifupa. Nikamgeukia mama. Alikuwa anaangalia dari.

"Mama, sema kitu."

"Niseme nini, Kimya? Hapa tukibaki, nyumba inatuangukia. Tukitoka, tunakwenda wapi, na mimi sitembei? Mara kumi na moja nimewahamisha kwa miguu yangu. Hii ya kumi na mbili siiwezi. Nilazeni tu hapo, iuzwe, pesa yake ndiyo itatuhamisha."

Kesho yake mnunuzi alikuja. Mwalimu wa chekechea, mpole, viatu kavivua mlangoni bila kuambiwa. Mkaguzi wake alikuwa msichana mdogo kuliko mimi. Walipofika chumba cha nyuma, kaka akashusha sauti, sawasawa na yule dalali:

"Mama yetu anaumwa. Ndiyo kwanza amepata usingizi."

Yule mwalimu akarudi nyuma hatua moja.

"Jamani pole. Basi mwacheni mama apumzike."

Safari hii hakuna aliyeniangalia. Nani anamtazamia Kimya aongee?

"Sogezeni kitanda," nilisema.

"Kimya!" Kaka alinikazia macho.

"Sogezeni kitanda. Nyuma ya mbao hizo hakuna ukuta. Uliokuwepo ulimvunja mama yangu."

Mwalimu alivaa viatu vyake nje, barazani, bila kufunga kamba. Kaka aliitupa brashi kwenye ndoo, akaondoka, na hajakanyaga tena hapa. Nyumba bado ni yetu, na tundu lake. Nani atainunua? Na kujenga ukuta ule upya, kutoka msingi, hatuna uwezo.

Mama hakuniongelesha mchana kutwa. Nilikaa sakafuni karibu na kitanda, sijui kama nimemwokoa mwalimu au nimemzika mama yangu.

Jua lilipoanza kushuka, akaniita.

"Kimya."

"Abee, mama."

"Nirudishe sebuleni, mwanangu. Hapa pananilowesha mgongo."

Niligusa zile mbao. Rangi ilikuwa haijamaliza siku mbili, na tayari maji ya mvua ya jana usiku yalikuwa yamepenya.

Nikasogeza kitanda. Peke yangu.

Jamani, ukikodi mkaguzi, mfungulie kila mlango. Hasa ule unaoona aibu kuufungua. Usitie sahihi kwenye chumba ambacho hakijaguswa, hata kama macho yote yako juu yako. Aibu yangu ilidumu dakika moja. Mama ataibeba kwenye nyonga maisha yake yote.

Na siku ukienda kuangalia nyumba, ukamkuta bibi mrefu amelala karibu na ukuta, kajifunika mtandio wa buluu wenye pindo la njano, usimfunike zaidi.

Muulize amelowa wapi.