Makosa Saba katika Shairi la Sephora

Sephora na Elisée walianza kwa kuchanganyiwa fotokopi, na asiyeamini shauri yake. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, kibanda cha fotokopi karibu na Posta kimefurika wanafunzi, wachungaji na watu wenye mafaili. Sephora, mwalimu wa Kifaransa, gauni la kitenge cha manjano likiwa limemkaa sawasawa, alikuja kutoa nakala za mashairi aliyoyatunga mwenyewe. Elisée, mkemia wa maabara ya mgodi, alikuja na ripoti za mawe, shati lake jeupe limenyooshwa pasi. Mwenye mashine akawachanganyia karatasi.

Jioni Sephora aliipiga namba aliyoikuta kwenye ripoti.

"Allô, njo weye mwenye mawe?"

"Njo miye. Na weye njo mwenye 'nilimeza jua ya Septemba'? Mademoiselle, ungekuwa umekufa zamani!"

Sephora alicheka mpaka akakaa chini.

Kwa miezi minne wakawa hawaachani. Kila Jumapili walikula mishikaki, na kila Jumapili Elisée alimchokoza: barabara zina matope, mji unahitaji wakemia, shairi litaziba shimo gani? Sephora alimjibu kwa kumtilia pilipili zaidi. Alimpenda bwana yule, pamoja na ubishi wake.

Elisée alipotimiza miaka thelathini, Sephora alimpa shairi la kumsifu lililomla wiki mbili. Kesho yake akapokea picha ya shairi hilo kwenye simu, limejaa wino mwekundu. Penye "mrefu" palisahihishwa: mita moja na sentimita sitini na nane. Penye "mikono inayojenga mji": nyumba moja, mtaa wa Ruashi, vyumba vitatu. Penye "asiyeogopa": naogopa mbwa. Makosa saba kwa jumla, na sahihi chini. Maskini, alidhani anamsaidia! Kule maabara, rafiki wa kweli ndiye anayekusomea ripoti yako na kukuonyesha ulipokosea.

"Elisée, ile ilikuwa zawadi," Sephora alisema kwenye simu.

"Chérie, sikusema iko mubaya. Lakini poème yote iko bongo, iko uongo tu. Bongo ya muzuri."

"Basi miye niko mwenye bongo? Siwezi kuolewa na muntu mwenye anazarau kazi yangu. Usinipigie tena."

Akakata. Zikapita wiki sita, na Elisée akakonda mpaka mashati yakampwaya.

Nyumba aliyokuwa akiijenga Elisée huko Ruashi ikaisha. Jumapili moja mchana ndugu walikusanyika uani kuibariki, na bibi yake Elisée, Kaku Madeleine, akasimama na fimbo yake, vitenge viwili kiunoni. Akaanza kasala, utenzi wa sifa ambao Waluba humtajia mtu pamoja na waliomtangulia. Alimwita Elisée chui. Akamwita mwenye mji. Akamtaja baba yake marehemu, na baba wa baba yake, kila mmoja na sifa zake, sauti ikipanda mpaka majirani wakaja ukutani.

Huyu Kaku ndiye aliyekuwa akimtoa Elisée utotoni chini ya kitanda mbwa walipobweka. Alimjua vizuri kuliko mtu yeyote, na bado alisema chui. Elisée alisikia haya, kisha machozi yakamtoka mbele ya wajomba zake. Hakutaka kusahihisha hata neno moja. Akatoa simu.

"Sephora, usikate. Sikiliza."

"Nani anaimba?"

"Kaku yangu. Iko ananiita chui."

"Chui mwenye anaogopa bambwa?"

"Njo ule ule."

"Na haumusahihishe?"

"Namna gani? Anayua mambo yangu yote, na anasema vile. Sephora, haikuwa bongo. Ulinionyesha muntu mwenye ninaweza kuwa, na miye nikamukatala. Pardon, mupenzi."

Upande wa pili, jikoni kwa shangazi yake, mtaa wa Makomeno, Sephora alifunga bomba la maji. Alikuwa amemkumbuka mno wiki zote hizo.

Kasala ikakatika. "Nani anatuchelewesha?" Kaku aliuliza.

"Ni Sephora, Kaku. Ule nilikuambia."

Kikongwe akaipokonya simu. "Mutoto, baba yako njo nani?"

"Faustin, Kaku. Muntu wa kazi ya reli, kwetu ni Kabalo."

"Na baba yake? Na mama yake? Siku ya ndoa nitasimama tena hapa, na siwezi kusifu muke ya Elisée kama siyui bankambo yake, bazee yake ya zamani. Lakini kama haumupende, usiniambie jina hata moja."

Sephora alifuta macho kwa mkono wenye sabuni, akavuta pumzi, akaanza kuyataja majina, polepole, ili Kaku asisahau hata moja.