Pipa la Saba

Harufu ilianzia kwenye chaki.

Mwalimu wa darasa la nne aliivunja chaki mpya vipande viwili kama kawaida yake, akaandika ubaoni "Waliowasaidia Watumwa Kutoroka", na alipoushusha mkono akasikia vidoleni harufu ya choo. Haikuwa ile ya mbali, ya vyoo vya shule nyuma ya ukuta. Ilikuwa ya karibu, nzito, yenye joto, kama kitu kilichotoka mwilini sasa hivi.

Kwenye kona ya darasa aliweka beseni na kipande cha sabuni, na hakuna mtoto aliyefungua kitabu bila kupita pale. Ndiyo maana wanafunzi walimwita Mama Sabuni, naye alijifanya hajui. Alinawa mara mbili. Akanusa. Akakunja uso.

"Nani amekanyaga kitu?"

Watoto thelathini wakainua nyayo. Zote safi.

"Ni Tumbo huyo," sauti ikasema kutoka nyuma.

"Mimi leo bado, mwalimu," akajibu mvulana waliyembandika jina la Tumbo, na darasa likacheka.

Somo lilikuwa lake mwenyewe. Idara ya elimu ilipotaka kijitabu cha watoto kuhusu watu waliowasaidia watumwa kutoroka, kazi alipewa yeye, kwa kuwa anajua kupanga maneno. Alikaa wiki tatu kwenye chumba cha nyaraka, akisoma maelezo ya mtoro mmoja aliyesimulia maisha yake uzeeni. Humo alimkuta mwanamke asiyetajwa jina, ila kazi tu: Mbebaji. Mwalimu alimpenda. Akamwandika vizuri, akampiga pasi, akamnyunyizia marashi.

"Soma, mwanangu," alimwambia binti yake, aliyekuwa mwanafunzi wa darasa hilohilo. Siku ya wazazi, Ijumaa, binti ndiye angeigiza kama Mbebaji.

Binti alisimama, miaka kumi, shingo ndefu kama ya mama yake. "Bibi Mbebaji aliwaficha watu saba ndani ya matenga ya maua. Walinzi wa lango walinusa waridi, wakatabasamu, wakampisha. Na wote saba wakafika salama."

Ko. Ko. Ko.

Kabati la vitabu. Ngumi ndogo ilikuwa inagonga kwa ndani, polepole, kama ngumi yenyewe imelowa.

Mwalimu alilifungua. Vitabu, chaki, ramani iliyokunjwa. Lakini upande wa ndani wa mlango, chini, kulikuwa na alama ya kiganja kidogo, mbichi, inayochuruzika. Aliifuta kwa dasta. Dasta ikatoka na rangi ya kijani na hudhurungi, na uzi mmoja mrefu wa utelezi ukaivutia nyuma, haukutaka kukatika.

Aliitupa dasta dirishani, akanawa mpaka viwiko.

*

Jioni ile binti hakula.

"Mdomo wangu una kitu, mama."

"Kapige mswaki."

"Nimepiga mara nne."

Kweli, fizi zilikuwa zinatoka damu. Mama alimkalisha chini ya taa ya jikoni, akamwambia apanue kinywa, na pumzi iliyotoka ikamfanya ageuze uso haraka, akiwa tayari ameziba pua. Aliona aibu, akaurudisha uso. Nyuma ya meno ya mwisho kulikuwa na ncha nyeusi. Aliishika kwa kucha mbili, akavuta. Ikaja. Akaendelea kuvuta, na kitu kiliendelea kuja, laini kwa nje, kigumu kwa ndani, kikikwaruza meno, na mtoto macho yamemtoka, mpaka likalala mezani bua zima la urefu wa mkono, tupu katikati, likidondosha maji machafu kwenye kitambaa cha meza.

Binti alitapika sakafuni. Mama alibaki akilitazama bua.

Alilijua. Alikuwa amelisoma. Lilikuwa kwenye kurasa mbili alizoamua kuziacha.

"Ni nini, mama?"

"Uchafu tu," alisema. Akalikunja ndani ya gazeti, akalitupa kwenye pipa la taka, akakaza kifuniko. Usiku kucha, kutoka uani, kifuniko kile kiligongwa kwa ndani.

*

Alhamisi, saa sita mchana, walifanya mazoezi ya mwisho. Matenga yalipambwa kwa maua ya karatasi. Binti alibeba tenga kichwani, akafika katikati ya darasa, akasimama. Tenga likaanguka. Akaenda mwenyewe chini ya meza ya mwalimu, akachuchumaa, magoti kidevuni, mikono miwili juu ya kichwa, ikisukuma hewa kana kwamba juu yake kuna kitu kizito.

"Funua," alisema. Sauti ilikuwa ya mtoto, lakini si mtoto wake. Ilikuja kama kutoka ndani ya maji. "Funua. Funua."

Maji ya hudhurungi yalianza kumtoka puani.

Mwalimu mkuu alikuja akikimbia, leso usoni. Akapiga simu papo hapo. "Shemeji, njoo na vitu vyako. Hapana, si mwalimu, mtoto. Njoo tu."

Shemeji yake alikuwa mganga wa majini, mwanamke mfupi mwenye miwani, aliyeingia na mkoba wa plastiki kama mtu anayetoka sokoni. Wote walikuwa wameziba pua. Yeye hakuziba. Alipiga magoti mbele ya meza, akavuta harufu taratibu kama anayeonja mchuzi, kisha ubani aliokuwa ameutoa akaurudisha mkobani.

"Mimi huwa natoa majini," alisema. "Huyu hakuingia, nimtoe vipi? Huyu amefungiwa. Nani kamziba?"

"Hapa ni shule, shemeji," mwalimu mkuu akasema. "Hatufungii watoto."

"Sikukuuliza wewe." Mganga alimtazama mwalimu, kisha mikono yake, iliyochubuka kwa kunawa. "Dada, mwanao anaishiwa pumzi. Kama kuna neno umelikalia, linyanyukie."

Midomo ya binti ilikuwa ya bluu. Mikono yake bado ilisukuma, ila taratibu sasa.

"Watoto watoke kwanza," mwalimu akanong'ona.

"Wabaki. Uliwaficha wao."

Mwalimu akakaa sakafuni, kwenye maji yale yale, sketi ikalowa.

"Hayakuwa matenga," alisema. "Wala hapakuwa na ua hata moja. Alikuwa anabeba kinyesi."

Mtoto mmoja alicheka, akanyamaza mwenyewe.

Kila alfajiri, akawaambia, mama yule alipita kwenye nyumba za mabwana akikusanya vyombo vyao vya usiku, akavimwaga kwenye mapipa, akayapakia kwenye mkokoteni wa punda, na walinzi wa lango, ambao walichoma mikuki hata kwenye magunia ya nafaka kutafuta watoro, hawakuyagusa mapipa yake hata siku moja, walifunika pua na kugeuka, naye akaona kwamba pale wanapogeuka ndipo penye njia, akawaambia watu saba waingie, wachuchumae, uchafu uwafike kidevuni, vifuniko vifungwe juu yao, na kila mmoja ashike bua mdomoni, bua lipite kwenye tundu la kifuniko, avute pumzi taratibu, asikohoe, asitapike, asilie.

"Na wakafika," Tumbo akasema, kama anayeomba.

"Sita walifika."

Ko, kutoka chini ya meza. Moja tu, dhaifu.

"Siku ile palikuwa na mlinzi mpya. Alichukia ile harufu. Akasema matundu yanatoa uvundo, yazibwe kwa udongo. Mbebaji akaziba kwa ujanja, udongo kidogo juu juu, mapipa sita. La saba mlinzi aliliziba mwenyewe, kwa kisigino, huku ameshika pua. Bua likazama ndani. Mle mlikuwa na msichana wa miaka kumi. Akaanza kugonga. Na Mbebaji hakuweza kusimama, walikuwa sita wengine, kwa hiyo akaimba. Aliimba kwa sauti kubwa njia nzima mpaka kwenye miti nje ya mji, ili mtu asisikie kugonga. Alipofunua..." Aliushika mguu wa binti yake. "Kinywa kilikuwa kimejaa. Mpaka kooni. Mimi nilisoma hayo yote, nikaona yananuka. Nikaziba."

Binti akanyoosha miguu. Kifua kikapanda kwa kelele, akageuka ubavu, akatapika vitu vyeusi, vingi, vingi kuliko tumbo la mtoto, vikatambaa mpaka kwenye beseni la kunawia. Kisha akavuta hewa. Akalia kwa sauti yake mwenyewe.

Mwalimu alimkumbatia vilevile alivyo. Hakumpangusa kwanza.

"Mwalimu," msichana wa dawati la mbele akauliza, "huyo wa pipa la saba aliitwa nani?"

"Mzee aliyesimulia hakumjua. Walikutana gizani, wakiingia mapipani."

Harufu ikapungua, kama mtu anayetoka chumbani bila kuaga.

*

Saa tisa binti alikuwa amelala ofisini, ameshiba uji vikombe viwili. Mwalimu alikuwa akiyakusanya maua ya karatasi simu ilipoita. Rafiki yake wa chuoni, anayefundisha mji mwingine.

"Mwenzangu, hongera. Kijitabu chako kimefika, tumekipenda. Sikia wanavyokisoma."

Nyuma yake sauti arobaini zilisoma kwa pamoja, kwa mahadhi, kwa ule mpigo alioupanga yeye mwenyewe neno kwa neno: walinzi wa lango walinusa waridi, wakatabasamu, wakampisha.

Nakala zilikuwa zimepelekwa kwenye shule mia mbili.

"Wanyamazishe," mwalimu alisema. "Tafadhali, kabla hawajafika mwisho."

Na wote saba wakafika salama.

"Umesemaje? Hebu subiri," rafiki yake akasema, na kiti kikasikika kikivutwa. "Kuna mtoto anagonga kabatini. Watoto wa siku hizi na michezo yao. Nani amekufungia humo, mwanangu? Na mbona unanuka hivyo?"